Neno Ambalo Kaltongo Hakulisema

Mwezi ule bahari ilipobadilika rangi, mchungaji hakuwepo kijijini Sakaru. Alikuwa amepelekwa mji mkuu, Vila, kutibiwa figo, na kanisa akaliacha mikononi mwa wazee wawili: mzee Matokai, mwenye sauti nene ya kuongoza nyimbo, na Leisongi, msuka mikeka, mama wa miaka hamsini na minane aliyefundisha shule ya Jumapili tangu hajaolewa.

Kati ya kisiwa chao cha Tongoa na kile cha Epi kuna mlima wa moto uliolala chini ya maji. Watu wa Sakaru walizaliwa wakijua upo, wakavua samaki juu yake, wakawa wanausahau mwaka hadi mwaka. Safari hii haukukubali kusahauliwa. Maji yaligeuka manjano kana kwamba yamemwagiwa bizari, kisha kijani, na katikati yakawa yanatokota. Samaki waliletwa ufukoni matumbo juu. Harufu ya mayai viza ilipanda kutoka baharini ikaingia majikoni, ikakaa kwenye tui la nazi na kwenye nywele za watoto. Redio ilionya boti zisisogee huko. Kuku waliacha kutaga.

Ndipo Kaltongo akarudi nyumbani.

Alishuka kwenye meli ya mizigo na begi dogo na shati jeupe, kichwa amekinyoa hadi kinang'aa. Alikuwa mtoto wa pale pale. Leisongi ndiye aliyemfundisha kusoma, akiwa mtoto wa kamasi asiyekaa kwenye benchi. Miaka kumi na mmoja alikuwa Vila akifanya kazi za ujenzi. Alimwomba chifu jumba la mkutano kwa alasiri moja tu, azungumze na watu wake. Chifu akampa.

Alizungumza vizuri, hilo hata Leisongi hakulikana baadaye. Hakupiga kelele. Alisema Mungu anasema na watu wa Sakaru wamelala. Alisema wanaume wanakunywa kava, kinywaji cha mizizi kinacholevya, hadi hawawezi kuwanyanyua watoto wao. Alisema ndugu wanapitana njiani kama mbwa wa vijiji viwili. Toara, mwenye boti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza kwa dakika tano mfululizo, alilia waziwazi, akaenda kumwaga kava yake yote nyuma ya jumba. Ndugu wawili waliogombania shamba tangu baba yao afe walikumbatiana. Leisongi alikuwa wa kwanza kusema amina, na aliisema kwa sauti.

"Mama Mwalimu," Kaltongo alimwambia baadaye, akimshika mikono yote miwili, "wewe ndiye ulinionyesha herufi ya kwanza. Bila wewe ningekuwa bubu."

"Wewe uwe bubu? Nilikuwa nakufunga mdomo kwa ndizi ili wenzako wasome."

Wakacheka. Usiku ule kabla ya kulala Leisongi alimshukuru Mungu kwa ajili ya Kaltongo, akimtaja kwa jina. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Wiki ya pili mahubiri yakawa ya kila alasiri. Leisongi alikuwa na tabia ya kufuata maandiko kwa kidole mhubiri anaposoma, na siku moja aligundua kidole chake hakina kazi. Kaltongo alifungua kitabu, akasoma nusu ya mstari, akakifunga. Saa nzima iliyofuata ilikuwa "ameniambia". Ameniambia hivi, ameniambia vile. Jina la Yesu lilitajwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwenye salamu.

Akamwendea mzee Matokai, aliyekuwa akitengeneza paa la jiko lake.

"Kaka, umesikiliza vizuri anachosema huyu kijana?"

"Nimesikia watu wanaomba, dada. Toara ameacha kava. Toara! Mimi nimemwombea miaka tisa."

"Wanaomba kwa nani?"

Matokai aliteremka ngazini akijifuta jasho. "Dada Leisongi, unatafuta chawa kwenye kichwa kilichonyolewa. Kwani amesema uongo gani?"

"Bado sijui. Najua tu kuna kitu hakisemi."

"Basi tumwache. Mchungaji akirudi atanyoosha. Sisi tukimzuia sasa, hawa watu watatutoka mikononi. Twende nao tu, polepole, tuwe karibu nao."

Ilisikika kama busara. Leisongi alirudi nyumbani akaendelea kuchana majani ya mkadi kwa ajili ya mikeka, lakini mkono ulikuwa mzito, akajikata mara mbili.

Jumamosi ya wiki ya tatu Kaltongo alitoa alichokuwa amekificha. Alisimama bila kitabu. Alisema amemwona Mtu wa Nuru akitoka majini katikati ya visiwa viwili, na Mtu yule amemwambia siri ambayo makanisa hayakupewa. Msalaba ulifungua mlango, ndiyo, lakini hakuna mtu aliyepita bado. Mlango wenyewe uko kule, ndani ya maji ya moto. Atakayeshuka mara moja kwenye maji yale hatakufa kamwe. Yakigeuka mekundu, siku imefika. Kabla ya hapo watu wajiweke wepesi: waache mashamba, wachinje nguruwe, watupe dawa za zahanati, kwa kuwa asiyekufa havihitaji vitu hivyo.

"Na Maandiko tuliyo nayo," alisema kwa upole, "tuyakusanye, tuyafunge kwa heshima. Barua ya mtu huisomi tena akiwa amesimama mlangoni kwako."

Kina mama walilia kwa furaha. Wakaenda majumbani, wakarudi na vitabu vyao vimefungwa kwenye vitambaa, vingine vikiwa na maua juu. Vikawekwa kwenye kasha kubwa mwisho wa jumba, mkeka ukatandikwa juu ya kasha, na Kaltongo akaketi juu ya mkeka. Leisongi aliutambua. Aliusuka yeye, kwa ajili ya meza ya Bwana.

Alibaki ameketi, kitabu chake kikiwa mapajani.

"Mama Mwalimu?" Kaltongo aliita.

"Changu bado nakisoma, mwanangu."

Watu walicheka kidogo, wakadhani ni utani wake wa siku zote. Walipoona hainuki, kicheko kilikatika.

Tangu siku ile kijiji kilimgeuzia kisogo. Ulikuwa msimu wa kupanda viazi vikuu, na hakuna aliyekwenda shambani. Magugu yalipanda juu ya matuta kana kwamba watu wamehama. Nguruwe walichinjwa siku mbili mfululizo, vilio vyao vikasikika hadi kilimani. Nyama ilikuwa nyingi kupita matumbo. Mbwa walikula wakatapika, wakarudi wakala tena, na nzi wakafunika kila kitu. Harufu ya damu ikachanganyika na ile ya baharini. Leisongi alipopita njiani, watoto wake wa shule ya Jumapili walimfuata kwa mbali wakiimba, "Mama Karatasi! Mama Karatasi! Utakula karatasi!" Aligeuka akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha macho.

Ila lililomnyima usingizi lilikuwa binti yake. Leiwaku alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza baada ya mbili kuharibika, na mumewe Taripu alikuwa mtu wa kwanza kubeba begi la Kaltongo. Leisongi hakuweza kumwendea mkwe. Mama mkwe na mkwe hawasemezani pale, wala hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Alimwendea binti.

Alimkuta amekaa juu ya makumbi ya nazi, miguu imevimba kama magimbi.

"Vidonge vya presha viko wapi?"

"Nimevitupa, mama."

"Leiwaku."

"Usinitazame hivyo. Kaltongo amesema mtoto huyu atakuwa wa kwanza. Wa kwanza duniani, mama, asiyekufa. Mimi nikishuka majini naye akiwa tumboni, anashuka pia." Aliweka mikono tumboni. "Wawili nimewazika nyuma ya nyumba. Wewe uliwaombea wote wawili. Uliomba vizuri sana. Wakafa."

Leisongi alikaa chini, akaichukua miguu ile iliyovimba akaiweka mapajani mwake, akaanza kuisugua kwa mafuta ya nazi. Leiwaku alimwacha afanye. Alipomaliza, binti alisema bila kumtazama, "Kama hutakuja nasi, mama, basi usije hapa tena. Taripu hataki."

Kesho yake Kaltongo alikuja mwenyewe nyumbani kwa Leisongi. Alikuja peke yake, saa nne asubuhi, akaketi kwenye mizizi ya mti bila kukaribishwa, akachukua jani la mkadi akaanza kulichana. Hakuwa amesahau namna ya kuchana. Kina mama walimfundisha akiwa mdogo.

"Unanisema vibaya, Mama Mwalimu?"

"Sijakusema popote. Nimekosa hata mtu wa kusema naye."

"Watu wanaona kiti chako kitupu. Hicho kiti kinasema." Alitabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu asiyelala. "Ulinifundisha kumwogopa Mungu. Sasa niruhusu nikufundishe kuacha kumwogopa."

"Nifundishe, basi. Lakini kwanza nisomee somo dogo, kama zamani."

"Lipi?"

"Lile tulilokuwa tunasema kila Jumapili kabla ya kutoka. Kwamba Mwana wa Mungu alikuja katika mwili."

"Alikuja katika mwili," Kaltongo alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayemridhisha mtoto.

"Akafa kwa ajili ya dhambi zetu."

"Akafa."

"Siku ya tatu akafufuka."

"Akafufuka, mama, nani anakataa?"

"Na inatosha."

Kaltongo aliacha kuchana.

"Sema, mwanangu. Inatosha. Neno moja."

Upepo ulileta ile harufu. Kaltongo alilitazama jani mkononi mwake, na uso wake ulipoinuka haukuwa na tabasamu wala hasira. Ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. "Nitakusemea yote," alisema, "ila si hilo. Nikisema hilo, mimi ni nani? Nimekuja kufanya nini?"

Hapo Leisongi akajua. Aliogopa, ila alihisi pia kitu kama wepesi, kama mtu aliyekuwa akisikia panya darini wiki nzima na sasa amemwona mkia.

"Wewe ni mtoto wetu," alimwambia. "Ulikuwa mtoto wetu kabla hujamwona mtu yeyote majini. Rudi, Kaltongo. Kusanya watu, waambie umekosea. Nitasimama na wewe."

Kaltongo aliinuka, akaliweka jani chini taratibu. "Maji yakigeuka," alisema, "binti yako atakuwa kwenye boti ya pili. Nimemwekea nafasi nzuri."

Leisongi alikwenda kwa chifu. Chifu alisema hawezi kuwazuia watu kumwabudu Mungu. Alikwenda kwenye redio ya zahanati, nesi akaita Vila mara tatu. Mara ya tatu wakajibu kwamba polisi watakuja na meli ya wiki ijayo. Alikwenda tena kwa Matokai.

"Umeshafika wapi nao, kaka? Ulisema polepole."

Mzee Matokai alikuwa amekonda. Hakuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Hakuwa na cha kusoma. "Dada," alisema, "mwanzoni nilikuwa naenda nao ili niwe karibu. Sasa sijui. Jana nilisali nikajikuta namwita yule wa majini. Ulimi wenyewe ulimwita." Alitaka kucheka, akashindwa. "Pengine ni kweli, eti? Watu wote hawa wawe wamekosea, wewe peke yako uwe sawa?"

"Si mimi niliye sawa. Ni lile tulilopewa. Wewe ulinifundisha hilo siku niliposimikwa mzee wa kanisa."

"Nilisema hivyo?" aliuliza Matokai, kama mtu anayesikia habari za marehemu.

Alhamisi maji yalikuwa mekundu. Hayakuwa mekundu kama damu. Yalikuwa kahawia yenye kutu, kama maji ya bati bovu, lakini kwa macho yaliyokuwa yakisubiri wiki tatu hiyo ilikuwa nyekundu ya kutosha. Jumamosi jua lilipochomoza kijiji kizima kilikuwa ufukoni. Boti tatu za mashine zilisukumwa majini. Kina mama walivaa magauni yao mapana meupe. Wengine wangebaki kungoja zamu ya pili.

Leisongi aliteremka njia ya mwamba, kitabu kikiwa kwapani. Watu walimpisha. Boti ya kwanza ilikuwa ya wanaume: Kaltongo, Taripu, mzee Matokai na wengine wanne. Boti ya pili iliendeshwa na Toara, na ndani yake kulikuwa na kina mama wanane, Leiwaku akiwa katikati. Leisongi aliingia majini hadi kiunoni, akashika ukingo wa boti.

"Toara, nipe mkono."

"Mama Karatasi!" Toara alijaribu utani wake wa zamani, lakini midomo ilikuwa mikavu. "Umeona nuru, au umechoka kukaa na kuku?"

"Nipe mkono, wewe mlevi mstaafu."

Akampa. Leiwaku alimwona mama yake akipanda, uso ukamng'aa. "Umekuja!"

"Nimekuja kukaa na wewe. Sitashuka majini." Aliketi kando yake, akamshika mkono. "Ukishuka, utashuka umeushika huu mkono, na mimi sina nguvu ya kuogelea. Jua hivyo."

Walikwenda karibu saa nzima. Hakuna aliyeimba. Kwanza ndege waliisha angani. Kisha boti ikaanza kukwaruza. Bahari ilikuwa imefunikwa na mawe mepesi yanayoelea, ya kijivu, yenye matundu kama mkate, na mashine ya Toara ikaanza kukohoa. Hewa ilikuwa nzito, ikawasha macho na koo. Mbele yao, mwendo wa mita mia hivi, mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye duara la maji ya kutu, na boti ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa duara lile. Kaltongo alisimama kwenye omo, mikono ameinyoosha.

Leisongi alisimama. Boti iliyumba, kina mama wakapiga yowe.

Hakuhubiri. Hakuwa na hotuba. Alianza tu kusema imani yao, ile wanayoikiri kila Jumapili wakiwa wamesimama, kutoka mwanzo: kwamba anamwamini Mungu, Baba, aliyeumba. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alipofika kwenye Mwana, bibi mmoja kizee mwisho wa boti, aliyekuwa amefumba macho kwa hofu, alianza kusema naye. Hakukusudia, midomo ilikuwa imesema maneno yale miaka sabini, ikaenda yenyewe. Kisha wa pili akadakia. Kufikia kaburi walikuwa watano. Kufikia ufufuo Toara alikuwa amepunguza mashine, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mdomoni kama mtoto.

"Nyamazeni!" Leiwaku alilia, ameziba masikio. "Mama, nyamaza! Unaufunga mlango!"

"Ulishafunguliwa, mwanangu. Ulifunguliwa, na mtu akapita, akatufungulia njia. Inatosha. Toara, zima."

Toara akazima. Boti ikabaki inaelea kwenye mawe, na katika kimya kile walisikia bahari ikichemka kama chungu.

Kule mbele wanaume walikuwa wameanza kujipanga. Kaltongo mbele, mkono wake umeshikwa na mzee Matokai, nyuma ya Matokai Taripu, wote wameshikana mikono. Leisongi aliona mguu wa Kaltongo ukiinuka.

Akaita. Aliita jina la mkwe wake, kwa sauti yake yote, mbele ya watu.

"Taripu! Taripu!"

Kina mama walishika vifua. Kule boti ya kwanza Taripu aligeuka kana kwamba amepigwa kofi. Maishani mwake hakuwahi kusikia jina lake kinywani mwa mama yule. Aligeuka mwili mzima, na mkono wake ukamtoka mzee Matokai. Kaltongo na Matokai wakashuka pamoja. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Maji yalifunguka yakafunga. Sauti moja tu ilisikika, fupi, na hakuna anayekubaliana hadi leo ilikuwa ya nani.

Kisha duara lote likainuka kidogo, kama kitu kilichovuta pumzi, na povu likapita chini ya boti ya kwanza. Wanaume walianza kuanguka mmoja mmoja ndani ya boti yao, bila kupigwa na kitu. Taripu aliangukia ukingoni, miguu ikining'inia majini.

"Vitambaa!" Toara alipiga kelele, na hapo akawa tena mtu waliyemjua. "Lowesheni vitambaa kwa maji ya kunywa! Fungeni pua! Mnanitazama nini, mimi ni sinema?" Mashine ilikataa mara nne, ya tano ikashika. Alizunguka upande unakotoka upepo, akarusha kamba yenye ndoano, akakosa, akarusha tena. Leisongi na wale kina mama waliivuta ile kamba hadi viganja vikachubuka. Boti ya tatu ilikuwa imegeuka zamani, inakimbilia nyumbani.

Wanaume watano waliokolewa hai. Taripu aliungua kutoka kwenye nyayo hadi magotini.

Mzee Matokai aliokotwa baada ya siku mbili kwenye ufuko wa Epi. Mchungaji alirudi kwa meli ile ile iliyoleta polisi, amekonda, anatembea kwa fimbo, akamzika. Kaburini alisema machache. Leisongi alisimama upande wa kichwani, mzee wa kanisa peke yake sasa, na alikuwa akijiuliza ingekuwaje kama angemsukuma zaidi siku ile ya paa, badala ya kurudi kuchana majani. Hakujipa jibu la kujifariji. Kasha lilifunguliwa. Watu walikuja kuchukua vitabu vyao mmoja mmoja, wengine jioni wakati njia ni tupu, bila kutazamana.

Kaltongo hakuonekana. Huo ndio uliokuwa mwanya. Kabla hata bahari haijarudi bluu kulikuwa na waliosema: Matokai alikuwa na shaka, ndiyo maana maji yalimtapika, Kaltongo hakuwa nayo, ndiyo maana hayupo. Jumamosi asubuhi utaona kina mama wanne watano wameketi ufukoni wakitazama kaskazini, kule kwenye mlima wa moto, na mbele yao lapulapu, mkate wa viazi vikuu vilivyokunwa, imefungwa kwenye majani, bado ya moto, haijaguswa.

Leiwaku alijifungua mtoto wa kike, mapema, kwenye zahanati, presha ikiwa juu kiasi kwamba nesi aliomba kwa sauti. Wote wawili waliishi. Kwa miezi minne hakusema na mama yake. Siku aliposema, alisimama nje ya uzio, mtoto mgongoni.

"Ulilitaja jina la mume wangu mbele ya watu."

"Nililitaja."

"Wanamcheka. Wanasema aliitwa na mama mkwe, akakosa uzima."

"Ana uzima. Anatembea. Jana nimemsikia anapiga nyundo."

"Siku nyingine nakushukuru," Leiwaku alisema. "Siku nyingine nakuchukia, mama, kwa sababu nilikuwa karibu kabisa na kutoogopa. Hujui ilivyo. Sasa kila akikohoa huyu mtoto naogopa."

"Najua ilivyo. Nimekulea wewe."

Leiwaku hakuingia ndani, ila hakuondoka upesi. Mtoto alipoanza kulia alimgeuza kidogo, ili bibi yake amwone uso.

Jumapili iliyofuata, wakati watoto wakingoja kengele, Leisongi alisikia kelele nyuma ya kanisa akaenda kuchungulia. Walikuwa wakicheza. Msichana mmoja wa miaka minane, mjukuu wa mzee Matokai, alisimama juu ya jiwe, mikono ameinyoosha, macho ameyafumba.

"Nimemwona," alisema kwa sauti ya upole isiyokuwa yake. "Ameniambia."

Na wenzake, kumi na mmoja, wakajirusha chini kwenye majani mmoja baada ya mwingine, wakalala kimya kabisa. Mchezo walikuwa wameuzoea. Kila mmoja alijua mahali pake pa kuangukia.

Leisongi akawaita ndani kwa majina yao yote, akangoja hadi wa mwisho ameketi, akafunga mlango wa upande wa bahari kwa sababu ya upepo.

"Leo tunaanza upya," aliwaambia. "Kutoka mwanzo kabisa. Na mtaniuliza maswali. Mkiona nimeruka neno, hata moja, mnisimamishe."

Mkono mmoja ukainuka kabla hajafungua kitabu.